Nani Anaongoza, na Mnyama Anaishia Wapi?

Kwa miaka mitatu nimekuwa katibu wa chama kidogo cha watu wanaoishi na ulemavu hapa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika muda huo nimeziandikia fondasio za ng'ambo, yaani mashirika yanayotoa fedha za ufadhili, barua nyingi kuliko nilizowaandikia ndugu zangu wote tangu nizaliwe. Barua nyingi hazikujibiwa. Mbili zilijibiwa kwa swali, na maswali hayo mawili yamenifundisha kazi ya kutafuta ufadhili kuliko semina zote nilizohudhuria, zile ambazo mtu hunywa soda, hupigwa picha ya pamoja, kisha hurudi nyumbani na kalamu mpya. Fondasio ya kwanza, inayoshughulika na wanyama, iliuliza: mnyama mnayempa mwanachama anaishia wapi? Ya pili, inayoshughulika na haki za watu wenye ulemavu, iliuliza: katika chama chenu nani anaongoza?

Mradi wenyewe ulikuwa wa simbilisi, wale ambao hapa kwetu wengi huwaita dende au kobayi. Mtu asiyeijua Kivu Kusini anaweza kushangaa kwamba mnyama mdogo kiasi hicho ni mali, lakini mama wa Kadutu, mtaa wa mji wetu, anayeishi katika chumba kimoja juu ya mteremko, asiyeweza kupanda na kushuka kutafuta kibarua, anaweza kuwafuga chini ya kitanda au kando ya jiko kwa majani na maganda ya viazi. Mimba ya simbilisi ni siku 68 hivi, na watoto huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofunguka, tayari kuonja jani baada ya siku chache. Zaidi ya hayo, tumeishi katika vita vya kutosha kujua kwamba ng'ombe huonekana kutoka mbali, mbuzi hulia, ila simbilisi huingia katika mfuko na kukimbizwa pamoja na watoto.

Nilipoandika mradi huo nilijiona mjanja. Niliuita mradi wa ujumuishaji wa watu wenye ulemavu na ustawi wa wanyama, nikautuma kwenye milango yote miwili, nikiamini kwamba aliyekataa kwa sababu ya kwanza angekubali kwa sababu ya pili. Wahenga walikwisha kusema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mimi yaliniponyoka yote.

Swali la fondasio ya wanyama nililijibu kwa ukweli na kwa haraka: simbilisi atafugwa, atazaa, kisha atauzwa au ataliwa. Jibu lao lilikuja katika mistari miwili, wakieleza kwa adabu kwamba hawafadhili ugawaji wa mifugo. Nilikasirika sana. Nilimwambia mke wangu kwamba watu hawa wanamthamini dende kuliko mama aliyelala njaa, naye akaniuliza kama fondasio hiyo iliwahi kuandika mahali popote kwamba inashughulikia njaa. Niliurudia ukurasa wao. Haikuwahi kuandika hivyo, na wafadhili wengi wa ustawi wa wanyama wana msimamo uleule: fedha zao ni kwa ajili ya kumpunguzia mnyama mateso, si kumzalisha ili achinjwe, hata kama anayemchinja ana haki na haja zote duniani. Mtu anaweza kubishana na msimamo huo, na mimi bado ninabishana nao kichwani, lakini hawezi kudai kwamba walimficha.

Kilichoniuma zaidi ni kusoma upya nilichokuwa nimekiandika mwenyewe. Maneno “ustawi wa wanyama” yalitokea mara 11 katika kurasa 6, na katika bajeti hayakutokea hata mara moja. Fikra ya ustawi, kwa jinsi wafadhili hao wanavyoielewa, ina historia yake: mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell huko Uingereza ilitoa ripoti kuhusu mifugo inayofungiwa, na kutokana na kazi hiyo ukazaliwa ule utaratibu wa uhuru wa mambo matano, yaani mnyama awe huru na njaa na kiu, huru na mazingira ya taabu, huru na maumivu, majeraha na magonjwa, huru kuonyesha tabia zake za asili, na huru na hofu. Sasa mchukue simbilisi wa jikoni kwetu. Anaishi gizani, katika moshi wa makaa, sakafuni ambapo paka hupita usiku. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama vile mwili wetu usivyoweza, kwa hiyo siku ambazo mama hakupata majani mabichi, mnyama huyo huanza kuugua bila yeyote kutambua. Mradi wangu haukuwa na mstari wa kiota, wa nyasi kavu, wa daktari wa mifugo, wala wa dirisha la kupitishia hewa. Ulikuwa na mstari wa mabango mawili na fulana 40.

Swali la pili lilinifedhehesha kwa namna nyingine. Fondasio zinazofuata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015, hutofautisha sana chama *cha* watu wenye ulemavu na chama *kwa ajili ya* watu wenye ulemavu. Kamati ya mkataba huo ililieleza jambo hilo mwaka 2018: chama cha watu wenye ulemavu ni kile kinachoongozwa na kusimamiwa na wao wenyewe, na ambacho wengi wa wanachama wake ni wao wenyewe. Kwa karatasi, sisi tulikuwa salama. Mama Prezida wetu anatembelea trisikli, baiskeli ya magurudumu matatu, tangu utotoni, na wengi katika kamati wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Lakini mfadhili aliomba kuzungumza naye kwa simu, na aliomba, kwa maneno laini lakini yasiyo na mlango wa nyuma, kwamba katibu asiwepo.

Nakumbuka mahali pale vizuri. Mama Prezida alikuwa ameegesha trisikli yake chini ya mwembe wa ua wetu, simu imelazwa juu ya goti, sauti imefunguliwa hadi mwisho kwa sababu kipaza sauti chake ni kibovu. Mimi nilisimama langoni, nikijifanya kuangalia barabara, na nikasikia kila kitu. Mkalimani alimuuliza lengo la pili la mradi ni lipi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Mimi nilitia sahihi. Sikusoma.” Hakusema kwamba sahihi yenyewe niliichukua katika barua ya zamani nikaibandika kwenye ukurasa wa mwisho usiku wa manane, kwa kuwa tarehe ilikuwa inapita na mtandao ulikuwa umerudi kwa nusu saa tu. Alinistiri. Baada ya simu aliniita, nikaenda nikiwa nimeinamisha kichwa, akaniambia, “Katibu, mwanangu, ulitaka kutubeba. Mimi trisikli ninayo.”

Tulikataliwa, na haki ilitendeka.

Tangu siku hiyo tuliacha kuandika mradi kwenye kompyuta yangu na kuanza kuuandika kwenye mikeka, kila Jumatano mchana, kwa Kiswahili, na mimi nikapewa kazi ya kutafsiri kwenda Kifaransa baadaye. Kazi ya kwanza ilikuwa maswali sita. Fondasio nyingi siku hizi hazitaki tena kusikia kwamba “tutawafikia walemavu 200”. Zinataka idadi iliyopatikana kwa maswali mafupi ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu, maswali ambayo hayataji neno ulemavu hata kidogo bali humuuliza mtu kama ana ugumu wa kuona hata akivaa miwani, wa kusikia, wa kutembea au kupanda ngazi, wa kukumbuka na kumakinika, wa kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na wa kuelewana na wengine. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mwingi, siwezi kabisa. Anayejibu moja ya yale mawili ya mwisho ndiye anayehesabiwa.

Tulidhani tafsiri ingechukua Jumatano moja, ilichukua tano. Swali la kupanda ngazi lilizua kicheko, kwa kuwa Bukavu yote ni ngazi, na mzee mmoja asiye na ulemavu wowote alidai aandikwe kati ya wasioweza kabisa kila mara anapotoka soko la Kadutu na gunia. Lakini mjadala mrefu ulikuwa wa majina. Kijana mmoja asiyesikia, aliyekuwa akifuata mazungumzo kupitia mikono ya dada yake, aliuliza kwa nini yeye ni *ki*ziwi, na mwenzake ni *ki*pofu, na yule ni *ki*wete na *ki*lema, kama kiti na kijiko, ilhali watu wengine ni *wa*tu. Mwalimu mstaafu aliyekuwepo alieleza kwamba sarufi hata hivyo humrudishia mtu huyo heshima katika kitenzi, kwa maana tunasema kiziwi *a*mekuja, si *ki*mekuja. Dada akatafsiri, kijana akajibu, na dada akasema kwa niaba yake: “Hata mbuzi *a*mekuja.” Tulicheka, kisha tukanyamaza. Katika maandishi yetu yote sasa ni “mtu anayeishi na ulemavu”, ingawa ni neno refu na linakula nafasi katika fomu zinazohesabu herufi.

Ni kwenye mikeka hiyo ambapo mradi wa pili ulijitokeza, na haukutoka kwangu. Siku moja Mama Prezida alichelewa, akafika na pindo la kitenge limechanika. Mbwa alikuwa amemfukuza kutoka kona ya Nyawera. Kila mwenye trisikli aliyekuwepo alikuwa na hadithi yake. Magurudumu humkera mbwa, na mtu aliyeketi kwenye trisikli uso wake uko karibu na kimo cha mdomo wa mbwa; hawezi kuruka ukuta, hawezi kuokota jiwe bila kuachia usukani, na katika mteremko hawezi hata kusimama. Mwanachama asiyeona alisema kwamba yeye humjua mbwa mkali kwa ukimya wake tu. Nilikuwa nimefanya kazi na watu hawa kwa miaka miwili bila kulisikia jambo hilo, kwa sababu sikuwahi kuuliza ni nini kinawasumbua njiani. Niliuliza ni mifugo gani wanataka.

Hapo ndipo mambo yale mawili niliyoyafunga kwa kamba bandia yalishikana yenyewe. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, na karibu maambukizi yote kwa binadamu, asilimia 99, hutoka kwa mbwa. Dawa yake inajulikana: mbwa asilimia 70 wa eneo wakichanjwa, mnyororo wa ugonjwa hukatika. Kinachofanywa mara nyingi badala yake ni kuwaua kwa fimbo au kwa sumu mtu anapoumwa, na njia hiyo haijawahi kuumaliza ugonjwa, kwa sababu mbwa wengine huhamia nafasi iliyoachwa wazi na hao hawajachanjwa. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa na kuvalishwa ukanda shingoni ni mbwa ambaye jirani hana sababu ya kumwekea sumu, na mtu anayesukuma trisikli mbele ya lango lake ana hofu moja pungufu. Mnyama haliwi. Haishii mahali pengine popote ila mlangoni kwake.

Safari hii hatukuuchanganya mradi. Kwa fondasio ya haki tuliomba fedha za mambo ya chama chenyewe: mkalimani wa lugha ya alama kwa mikutano yote, ukarabati wa trisikli, nauli za wajumbe wa kamati, na mafunzo kuhusu Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ambayo inalinda haki za mtu anayeishi na ulemavu katika nchi hii na ambayo wengi wetu tulikuwa tumesikia jina lake tu. Kwa fondasio ya wanyama tuliomba chanjo, mikanda na malipo ya daktari wa mifugo, huku wanachama wetu wakiwa waandikishaji wanaolipwa, kwa maana wao ndio wanaojua kila lango lenye mbwa. Kila barua ilitaja nyingine kwa sentensi moja, basi.

Kuhusu karatasi nitasema machache, ingawa ndizo zinazokula usingizi. Chama chochote kisicho cha faida hapa kinafuata Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, na fondasio itaomba katiba, hati ya utu wa kisheria au kibali cha muda, orodha ya kamati na hesabu za mwaka. Nilizoea kuliona rundo hilo kama dharau. Baadaye nilielewa kwamba fondasio binafsi ya Marekani, ambayo kwa sheria ya kwao inapaswa kutoa kila mwaka takriban asilimia 5 ya mali yake, inapopeleka fedha kwa chama cha nje lazima ithibitishe kwamba chama hicho kinafanana na mashirika ya hisani ya kwao, au sivyo ifuatilie matumizi ya kila dola na kuyatolea ripoti. Rundo la karatasi ni kinga yao mbele ya mtoza kodi wao. Ukilijua hilo, hasira hupungua na faili hukamilika mapema.

Tatizo ambalo karatasi haikuliponya ni benki. Tangu Februari 2025, benki za mji zilipofunga milango, mjini hapa watu tumeishi kwa pesa za simu, na hakuna fondasio ninayoijua iliyo tayari kutuma msaada kwenye simu ya katibu, nami singewashauri waanze. Ikatubidi tutafute shirika mwenyeji, lenye akaunti nje ya mji, linalopokea fedha kwa niaba yetu na kukata sehemu yake. Kamati ilijadili jambo hilo kwa uchungu. Wengine waliona tunarudishwa mgongoni mwa mtu. Mwishowe tulitia katika mkataba kwamba hakuna malipo bila sahihi ya Mama Prezida, akiwa amesoma au amesomewa mbele ya mashahidi wawili, na sentensi hiyo aliiongeza yeye mwenyewe akinitazama.

Nisiwadanganye wenzangu walio katika vyama vidogo: wakati ni mgumu. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika makubwa yaliyokuwa hayatazami fondasio ndogo yaligeukia milango ileile tunayobisha sisi, nayo yana waandishi wa kulipwa na umeme wa saa 24. Pia ulemavu bado ni mgeni hata katika nyumba kubwa za ufadhili. Darren Walker, alipokuwa rais wa Ford Foundation, alikiri hadharani mwaka 2016 kwamba fondasio yake ilipotangaza mpango mkubwa wa kupambana na ukosefu wa usawa ilikuwa imewasahau watu wenye ulemavu, na kwamba wao wenyewe ndio waliomwandikia kumkumbusha. Mimi husoma habari hiyo kama kibali cha kuandika barua, hata pale tovuti isipotaja ulemavu popote.

Fondasio ya haki ilikubali mwezi uliopita, kwa kiasi kidogo na kwa mwaka mmoja. Ile ya wanyama haijakubali wala haijakataa. Imerudi na swali jingine, na safari hii ni swali ambalo tumelifurahia: mbwa ni wangapi? Hatukujua. Asilimia 70 ya kitu kisichohesabiwa ni maneno tu.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya pikipiki kujaa, tulitoka kuhesabu. Wenye trisikli walichukua barabara ya Patrice Lumumba, ambako kuna lami. Wenye magongo walichukua vichochoro vya Nyawera wakiwa wawili wawili. Kijana asiyesikia na dada yake walipewa ngazi zote za kuelekea Kadutu, kwa kuwa miguu yao ndiyo mizima kuliko ya sisi sote. Kila mmoja alikuwa na daftari, na kanuni ilikuwa rahisi: mbwa mmoja, mstari mmoja, rangi yake, ana ukanda au hana, yuko ndani ya lango au nje. Saa mbili tulikutana chini ya mwembe kujumlisha. Mama Prezida alikuwa na mbwa mwekundu asiye na ukanda katika mstari wa nne, na mbwa mwekundu asiye na ukanda tena katika mstari wa tisa. Nilimuuliza kama ni wawili. Akafikiri, akageuka kutazama langoni, ambako mbwa mwekundu alikuwa ameketi akihema, amemfuata hadi kwetu. Akaomba kalamu, akaukata mstari wa tisa.